Ufa na Jirani Yake

Mtazamaji hudhani kuwa mwamba ni kitu kimoja kilicho kizima. Walakini graniti ni mkusanyiko wa punje zilizobanana, na baina ya punje mna nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith, aliyekuwa akichunguza kioo, alionyesha kuwa kitu cha namna hii hushindwa kwa sababu ya ufa wake: ufa hukua iwapo nishati inayofunguliwa na kukua kwake yatosha kuumba nyuso mbili mpya.

Hesabu hiyo ni ya ufa mmoja, na ufa haukai peke yake mwambani. Mwamba ukivutwa, ufa mrefu huutia kivulini ufa mfupi ulio sambamba nao, na ule mfupi husimama. Nyufa mbili zikijongeleana ncha kwa ncha, husaidiana. Zikiwa zimepishana kidogo, kila mmoja hupinda kwanza kando, kama mtu ampishaye mwenziwe njiani, kisha hugeuka na kumchoma ubavuni. Nyufa mbili zahesabika kwa kalamu. Maelfu yahitaji kompyuta.

Haja hiyo ilidhihirika Manitoba, nchini Kanada, katika maabara ya chini ya ardhi iliyochunguza kama takataka za nyuklia zaweza kuzikwa ndani ya graniti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kina cha mita 420, lilichimbwa handaki la duara lenye kipenyo cha mita 3.5. Baruti haikutumiwa, ili lawama isiangukie mlipuko. Hata hivyo dari na sakafu zilimeguka vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, hata duara likapata pembe mfano wa herufi V. Vipande vya mwamba ule vilipobanwa maabarani vilihimili zaidi ya megapaskali 200. Ukuta wa handaki ulishindwa kwa megapaskali zipatazo 120.

Peter Cundall alikuwa ameanza tangu 1971 kuuhesabu mwamba kama vipande mbalimbali visukumanavyo. Mwaka 2004 yeye na David Potyondy walieleza mwamba wa kompyuta uliofanywa kwa punje za mviringo zilizogandishwa, wakaupima kwa graniti ile ile ya Kanada. Humo hapana ufa uliochorwa mapema. Gundi hukatika mahali pamoja, mzigo ukahamia kwa jirani. Nyufa hutawanyika kwanza, kisha huungana. (Gundi ni neno la kuazima tu, mwambani haimo.)

Kasoro ilionekana upesi. Punje za mviringo hazishikamani kwa pembe kama punje za kweli, na mwamba ule wa hesabu ukawa hodari mno wa kuvutwa kuliko jiwe lenyewe. Punje zilipofungwa pamoja kuwa maumbo yasiyo ya duara, kasoro ilipungua. Iliyo kubwa zaidi ni nyingine. Mhesabu huirekebisha gundi mpaka kipande cha maabara kivunjike kama kilivyovunjika kweli, kisha huiuliza kompyuta habari za handaki zima. Kipande kile huvunjwa kwa muda wa dakika. Takataka zatakiwa kukaa salama miaka laki kadhaa.