Kinu Tulichokiacha

Tulipohama Uvira kwenda Kalemie kwa boti, nauli ilihesabiwa kwa kila mzigo. Tukauza kabati na vitanda, tukashindilia nguo ndani ya sufuria na ndoo. Kinu cha mama kilikuwa kizito, tukamshauri akiache. Akampa jirani, asiseme neno. Fedha tuliziokoa, lakini ukimya wake ulitutia haya.

Jioni ya kwanza Kalemie, mama alipiga hodi kwa watu asiowajua, akaazima kinu cha kutwangia sombe. Alirudi amepata rafiki.

Vijana wapendwa, kupunguza gharama ni busara. Hata hivyo, kabla ya kumwambia mwenzetu aache kitu chake, tumwulize kwanza kina uzito gani moyoni mwake. Sisi hatukumwuliza mama.