Kabla ya kutandaza nyasi bandia, jiulize maji yataenda wapi

Kila mvua ilipokatika, mama huyu alibaki na kazi moja ya ziada: kuwazuia watoto wasitoke nje. Mkubwa ana miaka 6, mdogo miaka 2, na wote wawili wakiona dimbwi hawasikii la mtu.

Nyumba yao ipo pembezoni mwa mji wa Shinyanga, kwenye ule udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuweza kumeza mguu wa mtoto. Mvua zikianza unanata kwenye viatu kama ugali. Ikinyesha saa moja tu, uwanja unashika maji wiki nzima.

Mwaka mmoja kabla, baba wa nyumba alimwaga tripu ya mchanga. Msimu mmoja ukatosha kuuzamisha wote kwenye tope.

Ndipo mama alipoona kwenye simu picha ya uwanja wa kijani, safi, watoto wamekaa chini bila kuchafuka. Mwezi wa nane mgao wa kikoba ulipotoka, alinunua zulia la nyasi bandia. Fundi alisawazisha udongo kwa jembe, akalitandaza juu yake, akalikaza kwa misumari. Kazi ya siku moja. Hadi mwezi wa kumi watoto walibiringika humo jioni nzima, na majirani walikuja kupiga picha.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikaanza. Wiki ya kwanza zulia lilionekana safi. Wiki ya pili ukilikanyaga linabonyea na maji yanachuruzika pembeni. Wiki ya tatu likaanza kunuka, na kando yake pakawa na madimbwi yasiyokauka.

Wiki hiyohiyo mdogo alishikwa na homa usiku. Zahanati walimpima, wakakuta malaria, wakampa dawa mseto ya siku 3. Mama alimaliza dozi yote kama alivyoelekezwa, mtoto akapata nafuu. Lakini usingizi haukumrudia mapema. Hakuna awezaye kujua mbu yule alitoka wapi, na chandarua cha mtoto kilikuwa na tundu lililoahidiwa kushonwa tangu zamani. Hata hivyo, kila alipotazama yale madimbwi alijisikia vibaya. Pesa ilikuwa imekwenda, na maji yalikuwa palepale.

Mama mkwe alikuja kumjulia hali mjukuu. Alipotoka nje kunawa, alishika pembe ya zulia akaliinua. Chini yake tope lilikuwa linameremeta.

"Mwanangu, hapa mmetandika juu ya jaluba," alisema. "Mpunga ungekubali hapa."

"Lakini mama, fundi alisema lina matundu, maji yanapita."

"Yanapita yaende wapi?"

Bibi huyo amelima mpunga kwenye majaluba maisha yake yote. Wakulima wa huko wanaipenda mbuga kwa sababu hiyohiyo inayowatesa wenye nyumba: udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo sana, ukilowa unavimba na kuziba vinjia vyake, maji hayashuki. Zulia lenye matundu haliwezi kubadilisha hilo. Linayafunika maji tu, na tope linaziba matundu yenyewe.

Kwa upande wa afya, hatari kubwa ipo kwenye maji yaliyotuama wazi. Yai la mbu wa malaria huchukua takriban siku 7 hadi 14 kufikia mbu kamili, kwa kutegemea joto. Dimbwi linalokauka baada ya siku mbili halimpi nafasi. Linalokaa wiki moja na kuendelea linampa.

Safari hii walianza na maji. Fundi mwingine, wa ujenzi, aliwachimbisha shimo la kina cha sentimita 30, wakalijaza maji, yalipoisha wakalijaza tena na kupima. Kwa kawaida maji yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo huo unapitisha maji polepole mno. Kwao, asubuhi ya pili maji yalikuwa bado yamo.

Zulia likakunjwa. Uwanja ukachongwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuanzia ukutani kwenda nje, ili maji yasirudi kwenye msingi. Upande wa chini ukachimbwa mtaro wa nusu mita, ukawekwa kitambaa cha kuchuja tope, bomba lenye matundu na kokoto, ukaelekezwa kwenye mfereji wa mtaa. Baba alizungumza kwanza na jirani wa chini, maana kuhamishia dimbwi kwa mwenzako ni kununua ugomvi. Shimo la choo hawakulihusisha kabisa.

Zulia lilirudi sehemu moja tu, kwenye kivuli cha nyumba, juu ya kitambaa na kokoto ndogo zilizoshindiliwa kwa unene wa sentimita 10. Kwenye jua hawakuliweka tena. Mama alikuwa ameshagundua mwezi wa tisa kwamba saa sita mchana nyasi za plastiki zinachoma nyayo za mtoto, kwani hazipoi kama majani hai. Sehemu iliyobaki walichanganya samadi iliyooza kwenye udongo, wakapanda ukoka.

Chandarua nacho kilishonwa, siku ileile bibi alipoondoka.

Mvua kubwa ya mwezi wa tatu ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mama alikwenda moja kwa moja kwenye mdomo wa mtaro. Maji yalikuwa yanatoka. Kufikia jioni ya siku ya pili, uwanja ulikuwa unakanyagika, na watoto walikuwa nje.

Mzazi unayefikiria zulia la nyasi, kachimbe lile shimo la sentimita 30 kabla ya kutoa pesa. Kisha muulize fundi swali la bibi. Akikujibu kwamba zulia lina matundu, bado hajakujibu.