Kabla Ushushe Injini, Sikiza

Peugeot 504 ya anko ilianza kukwaruza hapa Olympic, gari imesimama, gia iko fri, injini inaunguruma tu. Ndiyo, 504, ile ilishinda Safari Rally 1975 na 1978. Fundi wa kwanza, bila hata kufungua boneti, akasema injini ishuke. Hiyo ni karo ya watoto, wasee!

Fundi wa pili, mzee wa Ayany, akasema, "Kanyaga klachi." Kelele ikakatika. "Achilia." Ikarudi. Ukikanyaga, shafti ya kuingia giaboksi haizungushwi tena, so mshukiwa ni beringi yake. Ingekuwa inalia ukikanyaga, tungeshuku beringi ya klachi.

504 haina mahali pa kuchomeka kompyuta. Fundi hasikizi? Mimi nampita. Giaboksi inashuka Jumamosi.