Bando la msikiti na mchezo wa mpwa wangu

Jumamosi moja baada ya swala ya Alasiri, akina mama wa msikiti wetu hapa Nkowe walikaa mbele ya skrini wakisubiri darsa. Kila wiki hufuatilia mafunzo ya malezi na fiqhi ya nyumba kutoka kwa ustadhi aliyeko Dar es Salaam, kwa kutumia kifaa cha intaneti kilichonunuliwa kwa michango ya waumini baada ya mauzo ya ufuta. Siku hiyo skrini haikuonesha kitu. Nilipotazama salio nilikuta bando la mwezi mzima, GB 25, limekwisha, na mwezi ulikuwa na siku tisa tu. Bibi mmoja aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali alinyanyuka taratibu, akakunja mkeka wake, akasema, "Si neno, mwanangu. Inshaallah wiki ijayo."

Neno la siri la kifaa kile tulilijua watu watatu: mwenyekiti, mhazini na mimi katibu. Nyumba yangu inapakana na msikiti, na mawimbi hufika hadi chumba anacholala mpwa wangu. Yeye ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha nne, na baba yake alifariki miaka minne iliyopita. Kwetu Wamwera, mjomba hahitaji kuombwa amlee mpwa wake. Ni wajibu anaozaliwa nao. Nilimwita baada ya Isha.

"Mjomba, ni mimi," alisema kabla sijauliza. "Niliona neno la siri katika daftari lako. Nilicheza gemu, usiku tatu. Sikujua kwamba linakula bando kiasi hicho."

Ndugu msomaji, nitakueleza jambo ambalo lingekuwa rahisi kulinyamazia. Kesho yake tulikuwa na kikao cha kamati, na usiku ule nilikaa kuandika taarifa. Kalamu yangu iliandika hivi: bando liliisha mapema kutokana na matatizo ya mtandao. Hakuna ambaye angeuliza, kwa kuwa mtandao wa kwetu hukatika mara kwa mara. Nikaisoma sentensi ile mara mbili. Nilisomeshwa chuoni aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote, ambayo inamwelekeza mwandishi aandike kwa uadilifu. Nimewahi kuwafundisha vijana aya hiyo. Sasa nilikuwa mwandishi mwenyewe, na mali niliyoiandikia ilikuwa ya waumini. Nikaifuta sentensi, nikaandika kwamba bando lilitumiwa na kijana wa nyumbani kwangu, kwa neno la siri ambalo mimi sikulihifadhi vyema.

Mwenyekiti wetu, mzee wa zaidi ya miaka 70, alisikiliza hadi mwisho. "Ibaki hivyo hivyo," akasema. "Kisha mlete kijana. Tusimhukumu bila kumsikia."

Mpwa wangu aliwaeleza wazee kwa heshima. Michezo ile, alisema, huitwa ya wingu. Mchezo wenyewe hauko ndani ya kompyuta yako. Uko katika mtambo mkubwa ulio nchi nyingine. Huko ndiko unakochezwa, na wewe unatumiwa picha tu, kama unavyotazama video. Ukibonyeza kitufe, amri yako husafiri hadi kule, mtambo huitekeleza, na picha mpya hurudi kwako. Ndiyo maana hata kompyuta chakavu inaweza kuonesha mchezo mzito.

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo mpira uko Ulaya, nawe unaupigia teke hapa Nkowe, na nauli yake ya kwenda na kurudi inalipwa na msikiti?"

Wazee walicheka, na kijana naye akatabasamu akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akauliza swali ambalo lilininyima usingizi: "Wazee wangu, nimekosa na nitalipa. Lakini nikichagua huduma ya kulipia, kwa pesa yangu na bando langu, je, ni haramu?"

Pesa aliyoitaja ni sehemu ya mauzo ya ufuta wa shamba la marehemu baba yake, ninayoitunza mimi. Ni mali ya yatima. Jibu la haraka lilikuwa mdomoni mwangu: haramu, basi. Lakini kumwambia kijana kwamba jambo ni haramu bila kulichunguza ni kumfundisha kwamba neno hilo halina uzito. Nikamwomba siku saba. Tulizitumia pamoja kuzichunguza huduma hizo, na haya ndiyo tuliyoyapima.

La kwanza ni uwezo wa mtandao. Kampuni ya NVIDIA, yenye huduma iitwayo GeForce NOW, inataka kasi isiyopungua megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya kiwango cha chini, na amri yako iende na kurudi ndani ya sehemu 80 za elfu za sekunde. Mitambo mingi ya huduma hizi iko Ulaya na Marekani. Mawasiliano yetu hupita katika nyaya za chini ya bahari, na kutoka Dar es Salaam hadi kusini mwa Ulaya kwa njia ya Bahari ya Shamu ni takriban km 8,000. Mwanga ndani ya nyaya hizo huenda takriban km 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu kumekwishamaliza sehemu 80, kabla ya kuhesabu safari ya kutoka Nkowe hadi Dar es Salaam. Tena nyaya zenyewe hukatika. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, na nchi nzima ikataabika.

La pili ni gharama ya bando. Google, ilipokuwa na huduma yake ya Stadia, iliwaeleza wateja kwamba picha ya chini hufikia GB 4.5 kwa saa, na ile bora kabisa hufikia GB 20. Kwa hesabu hiyo, bando letu la mwezi halikutosha saa sita.

La tatu ni ukweli. Huduma aliyoitumia mpwa wangu haikuwa na Tanzania katika orodha ya nchi zake, hivyo alitumia programu ya VPN kujionesha kuwa yuko nchi nyingine. Nilimuuliza, "Mtu akikuuliza unatoka wapi, ukamjibu usipotoka, tunaiitaje?" Alinyamaza. Isitoshe, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kwake.

La nne ni aina ya mkataba. Kulipia kila mwezi ni kukodi, na ijara ni halali pale manufaa na muda vinapojulikana. Lakini kijana hudhani amenunua. Stadia ilianza Novemba 2019 na ikafungwa tarehe 18 Januari 2023. Google iliwarudishia wateja fedha za michezo na vifaa walivyonunua kwake, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila michezo yenyewe haikuchezeka tena pale. Mzazi ajue pia kwamba malipo mengi ya aina hii hukatwa yenyewe kila mwezi hadi uyasitishe.

La tano ndilo zito zaidi: kamari. Baadhi ya michezo huuza masanduku ambayo mchezaji hulipia bila kujua yana nini. Ubelgiji, ambayo si nchi ya Kiislamu, ilitamka mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari kwa sheria zake. Sisi tunayo aya ya 90 ya Suratul Maida tangu zamani, na hatukuhitaji kungoja Ubelgiji.

Siku ya saba mpwa wangu ndiye aliyetoa uamuzi. "Mjomba, si kwamba kucheza ni haramu. Ila huduma hii, kwa hapa kwetu, itanila pesa na kunifanya niseme uongo." Akaomba badala yake mchezo mmoja wa mpira unaonunuliwa mara moja, unaokaa ndani ya kompyuta, usiohitaji intaneti wala kuwa na masanduku. Nilikubali, kwa sharti la saa moja baada ya Isha siku za mapumziko, baada ya masomo yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitutahadharisha kwamba afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi huzipoteza.

Deni la msikiti hatukulitoa katika mali ya yatima. Alilipa nusu kwa kupalilia mashamba ya watu, na nusu nyingine nililipa mimi, kwa kuwa daftari lililoachwa wazi lilikuwa langu. Yote mawili yameandikwa katika kitabu cha mhazini.

Darsa ilirejea wiki mbili baadaye. Mpwa wangu ndiye aliyeunganisha skrini. Yule bibi alipofika, kijana alimwamkia, akampokea mkeka wake na kuutandika mbele kabisa. Kisha akabaki mlangoni akilitazama salio, hadi darsa ilipokwisha.

Wallahu a'lam.