Mpwa Wangu na Majabari Wake

Siku ya Jumamosi alasiri, katika likizo ya mwezi wa Agosti mwaka jana, mpwa wangu mwenye umri wa miaka kumi alipanda juu ya ukuta wa ua wetu hapa Nateete, akajifunga shingoni leso ya mama watoto, akaruka. Hakuruka kwa kucheza tu kama watoto warukavyo. Alikuwa amekwisha kupima kwa macho umbali uliopo baina ya ukuta na tangi la maji la jirani, na aliamini kabisa kwamba leso ile itashika upepo. Mimi nilikuwa ndani nikipiga pasi mashati ya kazi. Nilisikia kishindo, kisha kimya. Na ni kimya hicho kilichonitoa mbio, maana mtoto aangukaye akalia papo hapo aghalabu huwa hakuumia sana.

Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika mahali pawili. Alifungwa plasta, tukaambiwa atakaa nayo wiki sita. Jioni dada yangu, mama yake, akafika kwa bodaboda kutoka Mbuya. Alimtazama mwanawe, akamfunika shuka vizuri, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu," akasema, "nilikupa mtoto mzima."

Hapana budi nieleze jinsi mtoto huyu alivyokuja kukaa kwangu. Shemeji yangu ni askari wa jeshi, na wakati huo alikuwa Somalia, katika ule ujumbe wa Umoja wa Afrika ambao wengi wenu mnaujua kwa majina yake yote: AMISOM tangu mwaka 2007, ATMIS tangu 2022, na AUSSOM tangu 2025. Dada anafanya kazi za zamu, na usiku mwingine halali nyumbani. Ndipo tulipokubaliana kwamba mtoto akae nami siku za shule na za likizo, kwa kuwa nilisomea ualimu, nikapata cheti, nikafundisha miaka minne kabla ya kuhamia ofisini. Ndugu zangu wote huniita Mwalimu hata leo, na siku ile jina hilo lilinichoma.

Nilifanya kama walimu wafanyavyo wanaposhikwa na hofu: nikapiga marufuku. Simu niliyokuwa nikimwazima ili acheze ile michezo ya mtandaoni nikaifungia kabatini. Fulana ya Spider-Man, tuliyomnunulia Owino kutoka katika marobota ya mitumba, nikaificha. Vitabu vyake vya katuni, viwili vya kuchapwa na kimoja alichokichora mwenyewe katika daftari la hesabu, nikavitia ndani ya mfuko wangu wa kazi.

Kwa kweli sikuwa na chuki na simu tu kwa sababu ya mkono ule. Tangu Julai 2021 serikali hutoza asilimia 12 juu ya bei ya data za intaneti, na mtu mwenye mshahara wa ngazi yangu huhesabu kila shilingi. Tena michezo hiyo ina ujanja wake. Mchezo kama Fortnite, uliotoka mwaka 2017, huchezwa bure. Lakini ndani yake wanauza mavazi. Mtoto hataki kucheza akiwa mtu wa kawaida, anataka avae vazi la Batman au la Iron Man, na vazi hilo haliongezi nguvu hata kidogo. Nilipomweleza hivyo alinijibu, "Mjomba, hata wewe unapiga pasi shati." Nikanyamaza.

Basi siku moja ofisini, wakati wa chakula cha mchana, nikalitoa lile daftari la hesabu nikalisoma. Majabari walikuwa kumi na moja. Kila mmoja alikuwa na jina, na nguvu zake, na udhaifu wake, vimeandikwa kwa Kiingereza cha darasa la tano. Kila mmoja alikuwa amechorwa uso au barakoa, isipokuwa mmoja aliyevaa sare ya madoadoa ya jeshi. Yeye uso wake ulikuwa mviringo mtupu. Nafasi ya nguvu ilijazwa. Nafasi ya udhaifu ilikuwa wazi.

Jioni nilimwuliza mbona huyu hana uso.

"Yeye havai barakoa," akajibu, "na uso wake ni mgumu kuchora."

Tangu jioni hiyo nilianza kusoma habari za majabari hawa, si kwa kupenda bali kwa kutaka kujua ni kitu gani kimemshika mtoto. Na nilichokiona kilinishangaza, maana miaka yote nilidhani ni hadithi za ngumi tu. Superman alitokea mara ya kwanza mwaka 1938, kazi ya vijana wawili wa mji wa Cleveland huko Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, wote watoto wa Wayahudi waliohamia ng'ambo. Baba yake Siegel alifariki mwaka 1932, dukani kwake, siku alipovamiwa na wezi. Sitaki kusema kwamba ndiyo sababu mwanawe akabuni mtu asiyepenywa na risasi. Mwenyewe msomaji pima. Lakini tazama waliofuata. Superman hana wazazi, wamekufa pamoja na dunia yao. Batman, wa mwaka 1939, wazazi wake waliuawa mbele ya macho yake njiani. Spider-Man, wa mwaka 1962, analelewa na shangazi na mjomba, na huyo mjomba ndiye anayeuawa mapema ili hadithi ipate kuanza. Jambo hilo la mwisho, nakiri, sikulipenda sana.

Mtoto ambaye baba yake huonekana katika kioo cha simu siku ya Jumapili, kama mtandao una afya, si ajabu akipata jamaa zake humo.

Mama yangu anakaa nasi. Yeye hakusoma habari za Cleveland, na alipoona mtoto amekaa siku nyingi bila simu wala vitabu, akamwita karibu na jiko akamsimulia habari za Kibuuka. Waganda wote wanaijua, lakini askari wetu wanatoka pande zote za nchi, kwa hiyo nitaisema kwa ufupi. Kabaka Nakibinge alikuwa akishindwa vitani na Banyoro. Akatuma watu visiwani Ssese kwa Mukasa kuomba msaada, naye Mukasa akamtoa ndugu yake Kibuuka. Kibuuka aliweza kuruka. Alipanda juu akasimama ndani ya wingu, na toka humo akawamiminia adui mishale, nao wasione inatoka wapi. Alikuwa ameonywa asijihusishe na wanawake wa adui. Hakusikia. Mwanamke mmoja mateka akaijua siri, akatoroka, akawaambia wenzake walenge wingu. Kibuuka akachomwa, akaanguka juu ya mti mkubwa huko Mbale ya Mawokota, akafa.

Mabaki yake yalihifadhiwa hekaluni kama kitu kitakatifu, yakachukuliwa na mmisionari John Roscoe, yakakaa Cambridge miaka mingi, kisha yakarudishwa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa uhuru.

Mtoto alisikiliza mkono wake mweupe ukiwa mapajani. Nilidhani atauliza habari za kuruka. Akauliza, "Jajja, kwa nini alimwambia?"

"Alikuwa peke yake kule juu," mama akajibu, akaendelea kumenya matoke.

Jirani yetu Mjaluo, polisi mstaafu, alipopata habari hii akaongeza ya kwao: Luanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, hata mke aliyetolewa kwa adui alipogundua kwamba nguvu zake zimo kivulini, na kivuli kikachomwa mkuki. Nami nikakumbuka nilichosoma chuoni juu ya Fumo Liyongo wa pwani, aliyeuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Kwa muda wa wiki moja nyumba yetu ilijaa majabari wasiotoka Marekani. Mtoto akaomba daftari lake, nikampa, akawaongeza wote watatu. Safu ya udhaifu ikajaa haraka.

Nikalegea zaidi. Nikampeleka kibandani.

Wanaokaa Kampala hawahitaji kuelezwa kibanda ni nini. Walioko mpakani nao wanacho chao. Ni chumba cha mabati na viti vya mbao virefu, runinga mbele, na sauti ya VJ juu ya sauti ya sinema. Kazi hii ya VJ ilianza kwetu miaka ya mwisho ya 1980. Yeye hutafsiri maneno ya wachezaji kwa Kiluganda, lakini pia hucheka, huonya, humtukana adui, humpa Mmarekani jina la Kiganda na kumfanya mkazi wa Kisenyi. Utoto wangu nilimjua Arnold Schwarzenegger kwa sauti ya Mganda, na nilipomsikia mara ya kwanza kwa sauti yake mwenyewe nilihisi nimedanganywa.

Ilikuwa ni Black Panther, sinema ya mwaka 2018, imerudiwa kwa mara isiyohesabika na bado watu walikuwa wamejaa. Nilimwambia mpwa wangu mambo niliyoyapata katika kusoma kwangu, nikajiona mkubwa: kwamba jabari yule alibuniwa mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, wasiokuwa Waafrika, kwamba baadhi ya picha za angani za nchi ile ya Wakanda zilipigwa hapa Uganda, kwamba yule askari mwanamke, Ayo, mlinzi wa mfalme, huchezwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala hii hii aliyekulia Ujerumani, na kwamba Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London, wazazi wake ni Waganda. Mtoto alimtazama Ayo na mkuki wake muda mrefu. "Huyo analipwa na nani," akauliza, "mfalme au serikali?" Mtoto wa kambini ni mtoto wa kambini.

Toka pale kibandani mpaka Wakaliga ni karibu, na huko ndiko anakoishi Isaac Nabwana, mtengenezaji wa matofali aliyegeuka mtengenezaji wa sinema. Mwaka 2010 alitoa ile iliyoipeleka Kampala dunia nzima, Who Killed Captain Alex? Inasimuliwa kwamba iligharimu fedha zisizofika dola 200. Bunduki zilichomelewa kwa vyuma chakavu, helikopta na moto vilitengenezwa katika kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe, na nakala ya asili ilifutwa ili apate nafasi ya kutengeneza sinema nyingine. Ilibaki ile yenye sauti ya VJ Emmie. Jabari wake hana mabawa wala barakoa. Ni kapteni wa jeshi la Uganda. Anauawa, ndugu yake, bingwa wa kung fu, anakuja kutafuta muuaji. Na mpaka sinema inakwisha hatuambiwi ni nani.

Mpwa wangu aliipenda kuliko zote. Plasta ilipokuwa imebaki wiki moja tukampeleka kwa mama yake Mbuya, akawakusanya watoto sebuleni, akanyamazisha sauti ya simu, akawa VJ mwenyewe. Kwa Kiswahili. Walikuwepo Waacholi, Walugbara, Wateso na Wanyankole, na hakukuwa na lugha nyingine ya kuwatosha wote. Alichanganya ngeli vibaya sana. Nilijizuia nisimsahihishe.

Shemeji alirudi kwa likizo mwezi wa Oktoba, amekonda, ana jeraha dogo la zamani shavuni lisiloonekana katika simu. Alimshika mtoto ule mkono, akaukunja na kuukunjua kama fundi anayejaribu bawaba. Hakumgombeza. Usiku baada ya chakula mtoto akamwekea sinema ya Kapteni Alex, akaitangaza kwa Kiswahili toka mwanzo. Shemeji alicheka mpaka machozi alipoiona helikopta. Kapteni alipouawa akaacha kucheka.

"Walinzi wa kambi walikuwa wapi?" akauliza.

"Baba, ni sinema."

"Najua ni sinema. Walikuwa wapi?"

Hakuna aliyejibu. Sinema ikaendelea, mtangazaji akiwa amepunguza sauti.

Ilipokwisha, mtoto alileta daftari. Alikaa karibu sana na baba yake, akamtazama usoni bila haya, penseli mkononi, akachora pua, akafuta, akachora tena. Ilichukua muda. Shavuni akatia mstari mdogo. Kisha akamwonyesha ile nafasi iliyobaki wazi.

"Udhaifu wako ni nini?"

Shemeji alilichukua daftari akalisoma lote, toka Spider-Man mpaka Liyongo. Alipofika kwa Kibuuka akasoma mara mbili.

"Hii haiandikwi," akasema. "Jajja hakukuambia?"

Mtoto alifikiri kidogo, akakubali, akaifunga penseli ndani ya daftari. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Yeye aliijua, akacheka peke yake, akaanza kumimina.