Adabu ya Kunyamaza na Adabu ya Kuuliza

Karani mmoja wa Malindi aliazimwa kitabu na rafiki yake mwalimu. Ndani yake mlikuwa na hadithi ya kale iliyotungwa kwa mashairi na Mfaransa Chrétien de Troyes katika miaka ya 1180, yapata miaka 300 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498. Ni habari za kijana Perceval, aliyetamani kuwa shujaa mpanda farasi katika baraza la Mfalme Arthur.

Mwanzoni karani alicheka sana. Kijana huyo alilelewa mwituni na mama yake mjane, aliyemficha mambo yote ya vita, maana wanawe wawili wakubwa walikuwa wameuawa, na baba yao akafa kwa huzuni. Siku moja kijana akakutana na mashujaa watano wenye mavazi ya chuma yaliyometameta, akadhani ni malaika. Akamshika mmoja wao kwa maswali: Hiki nini? Na hiki chatumikaje? Tangu hapo nyumbani hapakukalika. Alipokuwa akiondoka aligeuka nyuma, akamwona mama yake ameanguka penye daraja. Naye akampiga farasi wake fimbo akaenda zake. Hapo karani aliacha kucheka.

Huko mbele mzee mmoja alimfundisha kijana matumizi ya silaha, akamwonya asiwe mtu wa maneno mengi. Kisha usiku mmoja alikaribishwa katika ngome ya mfalme aliyejeruhiwa mapajani, asiyeweza kusimama. Wakati wa chakula ukapitishwa mbele yao mkuki uliotoka damu nchani, na baadaye chombo cha dhahabu chenye vito. Kijana alitamani kuuliza maana yake na nani anayeandaliwa kwa chombo kile, lakini alikumbuka lile onyo akanyamaza. Asubuhi akakuta ngome tupu. Baadaye aliambiwa kwamba kama angaliuliza, mfalme angalipona. Na ya kuwa mama yake alikwisha kufa kwa uchungu wa kuachwa.

Karani aliona kijana ameonewa. Je, si adabu mgeni kutochunguza mambo ya mwenyeji wake? Tena alikumbuka habari za Fumo Liongo, shujaa wa pwani hii hii, upande wa Ozi, hadithi ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870. Liongo aliulizwa na mwanawe mwenyewe ni kitu gani kiwezacho kumwua, naye akamwambia ukweli: sindano ya shaba kitovuni. Mwana akamchoma usingizini. Basi huku swali limeua, na kule swali lingaliponya. Lipi lifuatwe?

Jioni alimsimulia jirani yake, mzee wa makamo mengi, barazani. Mzee akasikiliza hata mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, huyo kijana alipoingia alimwamkia mwenyeji wake?"

"Alimwamkia, mzee."

"Na alimwona kuwa hawezi?"

"Alimwona."

"Basi kwa nini hakumwambia pole?"

Karani hakuwa na jibu. Usiku ule alifahamu kwamba maswali yale mawili hayafanani. Mwana wa Liongo aliuliza kwa tamaa ya zawadi aliyoahidiwa na maadui wa baba yake. Perceval alinyamaza ili asionekane mjinga. Mmoja alifungua kinywa na mwingine alikifunga, lakini wote wawili walijifikiria nafsi zao tu. Chrétien hakuimaliza hadithi yake. Lakini mwanzoni mwa karne ya 13 Mjerumani Wolfram von Eschenbach aliisimulia upya, na kwake kijana hurudi ngomeni, akamwuliza mfalme, ambaye ni mjomba wake, ni jambo gani linalomsumbua. Papo hapo mfalme hupona.

Neno hilo la mjomba lilimgusa karani kuliko yote, kwa maana yeye naye alikuwa na mtu wake. Mama yake alikaa peke yake upande wa Ganze. Kila mwisho wa mwezi alimpelekea fedha kwa simu, na kila alipompigia alisema, "Hujambo mama?" naye hujibiwa, "Sijambo mwanangu," wakaagana. Muda wa miezi minane hakuwa amefika kwake.

Jumamosi iliyofuata alipanda gari mpaka Kilifi, akapata jingine la Ganze. Alimkuta mama yake chini ya mwembe. Baada ya salamu alikaa karibu naye, akamshika mkono, akasema, "Mama, nieleze kweli. Una nini?"

Mama alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema kwamba tangu masika jicho lake la kushoto huona ukungu tu, na la kulia nalo limeanza kufifia. Fedha zikifika, mtoto wa jirani ndiye humsomea simu. "Sikutaka kukushughulisha, mwanangu," akasema. "Na wewe hukuniuliza."

Jumatatu asubuhi walikuwa wote wawili hospitalini Kilifi, wakingoja zamu yao.