Namba Yangu Imo Kwenye Simu Yako

Ukitaka kujua simu ipi inafaa, usiende kuulizia dukani Kariakoo, kaa kijiweni Mwananyamala. Vijana wa bodaboda wakisubiri abiria watakuchambulia Tecno, Infinix, Itel na Samsung mpaka ushangae: ipi inakaa na chaji hadi usiku, ipi inastaki ukifungua ramani na WhatsApp kwa pamoja, ipi kamera yake inawang'arisha watu mpaka mama zao hawawatambui. Programu nazo hazisalimiki. Hii inakula bando, ile matangazo yake yanakera, ile nyingine ilikuwa nzuri kabla wenyewe hawajaiharibu. Hakuna anayenong'ona. Mimi huwasikiliza kwa wivu kidogo.

Wivu, kwa sababu sisi hatukuwahi kuulizwa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka hiyohiyo ya 1970. Huku Bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Redio ya National ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto hakuigusa bila ruhusa. Nani angethubutu kusema redio ile mbaya? Kuwa nayo tu ilikuwa heshima. Laini ya simu uliiomba, ukasubiri, ukazeeka ukisubiri, na wengi wetu tuliishia kutoa namba ya jirani. Ukipigiwa, unaitwa kupitia ua, unaongea habari zako mbele ya familia ya watu waliokaa kimya ili wasikie vizuri, halafu unashukuru. Chombo kilikuwa mkubwa wetu.

Mobitel walipoleta simu za mkononi mwaka huohuo wa 1994, zilikuwa za wenye nazo. Kisha bei zikashuka, zikaja vocha za kukwangua, kubipu, na Nokia ya tochi iliyotusaidia kwenye mgao wa umeme kuliko ilivyotusaidia kupiga simu. Aprili 2008 ikaingia M-Pesa, mwaka mmoja baada ya Kenya, na tangu hapo simu ikaacha kuwa ya maongezi. Luku, ada ya shule, mchango wa kikoba, rambirambi: vyote vinapita humo humo, na wakala yuko kila kona kuanzia Magomeni hadi Tegeta.

Wazee wenzangu wanapenda kusema kizazi hiki kinachezea simu tu. Mimi nakataa, na nina ushahidi. Aprili 2021 bei mpya za bando zilipoanza kutumika, vijana walipiga kelele zenye ushahidi wa picha, jana nilipata kiasi hiki, leo napewa hiki, na haukupita muda bei hizo zikasitishwa. Julai mwaka huohuo zikaja tozo za miamala ya simu. Kelele tena. Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye zikapunguzwa zaidi. Baba yangu angelipa, akanyamaza, akalaani nyumbani mlango ukiwa umefungwa.

Lakini kuna sehemu ya simu ambayo kijiweni hawaichambui.

Nasema hii mikopo ya mtandaoni. Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kuona majina na namba zote ulizohifadhi, na kidole kinabonyeza kabla jicho halijasoma. Watu hawa hawa ambao watakueleza kwa kirefu kwa nini kamera ya simu fulani haifai usiku, hawajui wameruhusu nini. Hela inaingia kwa dakika chache, ikiwa imeshakatwa ada, na inatakiwa irudi ndani ya siku chache. Ukichelewa, ujumbe unatumwa kwa waliomo kwenye simu yako. Mimi niliupata mmoja: kijana wa mtaa wetu ametajwa kwa jina kuwa ni tapeli, na mimi nimeambiwa kuwa ni mdhamini wake, nimwambie alipe. Sikuwahi kumdhamini mtu. Ningenyamaza na yakaisha, ila mwenzangu mmoja aliyepata ujumbe kama wangu aliutupia kwenye kundi la mtaa, na jioni hiyo mama wa kijana hakutoka nje.

Hatuwezi kusema nchi imelala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Vizuri. Ila orodha haikai juu ya kidole cha mtu mwenye njaa saa nne usiku.

Nyumbani kwa yule jirani mwenye simu nako hapakuwa na siri, najua. Tofauti ni kwamba jirani alikuwa na haya, kwa sababu kesho angenihitaji. Tungekutana kisimani, tungekutana msibani. Anayetuma ujumbe wa kudai hatazika nasi. Na namba yangu huyo kijana aliipataje? Nilimpa mwenyewe, tulipokuwa tunashughulikia mazishi ya baba yake makaburi ya Kinondoni, ili tuambiane gari la maiti limefika wapi. Tulielewana hivyo tu. Habari ya kuiweka rehani haikuwamo.

Nililipeleka jambo hili kijiweni. Walinisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akanijibu: "Babu, usiporuhusu hawakupi. Na benki niende na dhamana gani? Hii pikipiki yenyewe ya mkataba." Hapo alinibana, kwa kuwa sina benki ya kumwelekeza, na pensheni yangu haikopeshi mtu. Nikamuuliza, mbona bando mlilikataa? Akasema bando liliwakuta wote siku moja, ila deni linamkuta mtu na chumba chake.

Hilo silikubali. Deni la yule kijana lilinikuta mimi Mwananyamala, likamkuta shangazi yake Mbagala, likamkuta mwalimu wake wa shule ya msingi aliyestaafu Korogwe, likamkuta na abiria mmoja aliyempeleka Muhimbili mara moja tu na kumwachia namba. Wote siku moja.